Msije na Lori: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti Yetu

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia afya ya umma, mazingira, watoto na utamaduni katika kaunti yetu,

Jumanne ya wiki iliyopita notisi ilibandikwa kwenye mlango wa nyumba ya Mama Mkubwa. Siku kumi na nne. Ndani ya siku hizo, nyumba na ua viwe vimeondolewa taka zote, la sivyo lori litakuja na vijana wa kazi, na gharama itakuwa juu ya mwenye nyumba. Karatasi ina mhuri, imeandikwa sawasawa, na sheria iliyotajwa ni ya kweli: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa uwezo wa kuamuru kero iondolewe. Siandiki kubishana na sheria. Naandika kwa sababu aliyeibandika karatasi ile hakumwona anayeishi ndani, na mimi namjua tangu nizaliwe.

Mtaani wanamwita Mama Mikebe. Kwangu ni dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyemlea mama yangu. Barua hii nimemsomea kupitia dirisha la jikoni, mstari kwa mstari, kabla ya kuitoa. Ameniruhusu, kwa sharti nisitaje jina lake wala la mtaa. Kuna neno moja alilonitaka nilifute, "mgonjwa", mahali nilipolitumia. Nimelifuta.

Niwape majirani haki yao kwanza, maana hawakusema uongo. Panya wapo. Mvua za masika zilipojaza mikebe ya uani mbu walizaliana, na mtoto wa nyumba ya pili akalazwa kwa malaria. Siwezi kumwambia mama yake kwamba hana haki ya kukasirika. Waya wa umeme umepita juu ya marundo ya magazeti ya Taifa Leo yanayokaribia dari. Mimi mwenyewe nikisikia harufu ya moshi usiku hukurupuka, natoka nje kuangalia upande wa nyumba yake. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka hali ibaki ilivyo. Haiwezi kubaki ilivyo.

Lililonikalisha chini ni lile neno "taka".

Chumba cha mbele ndicho mnachokiona mkichungulia. Mikebe ya Kimbo na ya maziwa ya unga, mingine ya kabla sijazaliwa. Ndara za mguu mmoja mmoja zilizoletwa na bahari. Mifuko ya plastiki ya kabla ya Agosti 2017, ile iliyopigwa marufuku, imekunjwa pembe tatu na kupangwa kwa rangi. Tikiti za matatu. Kanga zilizochakaa, na jina la kila kanga limekatwa likawekwa peke yake. Kadi za bamba, zile za kukwaruza za kuongeza salio, maelfu kwa maelfu, zimefungwa kwa raba hamsini hamsini. Anayeingia mara ya kwanza huona fujo. Mwombe mwenyewe kitu, kwa mfano kifuniko cha soda cha rangi ya chungwa, atanyoosha mkono bila kuangalia na kukutolea.

Ukipita hapo kwa ubavu, kwa kuwa ndiyo njia pekee, unafika chumba cha nyuma. Huko hakuna afisa aliyefika. Ameshona mifuko ya saruji, ile ya karatasi nzito, kwa shazia na uzi wa gunia mpaka ikawa turubai ndefu kuliko mtu. Juu yake hubandika kwa gundi ya unga wa ngano vipande vya kadi, karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, ndara zilizochongwa nyembamba kama ukucha. Rangi zake ni bluu ya kufulia, manjano ya pilau, na masizi ninayomletea kutoka kwa muuza chai. Nilihesabu turubai thelathini na moja kabla hajanitoa. Ziko zinazoonyesha uwanja mweupe, watu wamekaa chini kwa duara, na katikati moto. Na uko uso wa mwanamke mzee, uso ule ule, umerudiwa mara kumi na mbili, kila mara umeongezwa kitu kidogo: mkunjo wa shavu, kipini, ncha ya kilemba. Huyo ni nyanya yake. Anamtafuta kwa kumbukumbu, kwa kuwa picha yake pekee iliungua mwaka 1975.

Ya 1975 inanipasa niyaeleze.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa ghala, mtu wa suruali ya kunyooshwa na redio ya mbao. Akaingia katika kundi la maombi. Mwaka ule kundi likahama mji, likaenda kuishi nyikani kungoja mwisho wa dunia. Silitaji jina wala mahali. Wako waliotoka humo ambao bado wako hai na hawajaamua kusema, na si kazi yangu kuwasemea. Sharti la kuingia lilikuwa kuacha vya dunia. Kila familia ilitoa vitu vyake uwanjani vikachomwa: nguo za rangi, kabati, vitabu vya shule, picha. Picha zilianza, kwa kuwa kiongozi alisema kila picha ni sanamu. Mama Mkubwa alikuwa na miaka sita. Alikuwa na mtoto wa bandia wa matambara aliyeshonewa na nyanya yake, na aliambiwa amtie motoni kwa mkono wake mwenyewe, eti sadaka ikitolewa na mwingine haina thawabu.

Hapakuwa na shule wala hospitali. Kila jioni watoto walipangwa mstari wakaulizwa: leo umependa nini? Mtoto akitaja, kitu hicho kilichukuliwa. Jiwe lenye milia, mbuzi fulani, kiti cha kukalia. Mwingine alitaja rafiki yake, wakatenganishwa. Mama Mkubwa akajifunza kujibu, "Sikupenda kitu." Amenihadithia hayo mara moja tu katika maisha yangu, huku akikunja mifuko, na hakuniangalia usoni.

Mnakumbuka maziwa ya Nyayo? Rais Moi aliyaanzisha mashuleni mwaka 1979, katika pakiti zile za pembe tatu. Watoto wa kambi hawakuyaonja. Lakini njia ya kisimani ilipita karibu na shule, na watoto wa shule walikuwa wakinywa na kutupa pakiti njiani. Yeye aliziokota. Alizisuuza mtoni, akazianika, akazificha ndani ya kichuguu kilichokufa, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika arobaini. Alikuwa na miaka kumi. Siku zilipogunduliwa zilichomwa mbele ya watoto wote, naye akanyimwa chakula siku tatu. Kwake zile pakiti ndizo zilikuwa shule. Hakuwa na nyingine.

Miaka mitatu baadaye mdogo wake wa kiume alipata surua. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wakamwombea. Alizikwa nyuma ya jiko la jumuiya, na kaburi halikuwekwa alama, kwa kuwa alama nayo ni sanamu. Mama Mkubwa alibaki na kifungo kimoja cha shati lake. Anacho mpaka leo. Kimo ndani ya mkebe mmojawapo kati ya mikebe ile mnayotaka ipakiwe. Ni upi, anajua yeye. Mimi sijui.

Alitoka mwaka 1984, mwaka wa njaa, serikali ilipokuwa ikigawa mahindi ya manjano kutoka Marekani. Kiongozi aliyakataa, akasema ni chakula cha Mpinga Kristo. Watu wakaanza kuvimba miguu. Usiku mmoja akamfunga mama yangu mgongoni, mama akiwa na miaka mitatu, akatembea mpaka barabara kuu, naye alikuwa na miaka kumi na tano. Pwani walipokewa na bibi mmoja mshona kofia za vito, mjane asiye na mtoto, ambaye hakumuuliza alikotoka. Alimpa sindano. Kutoka kwake alijifunza mshono, na kutoka kwake alirithi nyumba hii ambayo notisi yenu imebandikwa.

Sasa niwaambie tulichokifanya sisi, ili msikirudie.

Mwaka 2019 Mama Mkubwa alilazwa kwa nimonia, siku tisa. Tukaona hiyo ndiyo nafasi. Mama yangu, wajomba wawili wa ukoo, mimi na vijana wa mtaa tulisafisha chumba cha kati. Tulijaza mkokoteni safari kumi na moja. Tulipaka chokaa, tukanunua kitanda, tukatandika shuka mpya. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliona fahari. Aliporudi alisimama mlangoni mwa kile chumba, akasema kwa sauti ya mtoto, sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kabla wala baada: "Sikupenda kitu. Sikupenda kitu." Akarudia mpaka akakaa chini. Hakusema nasi kwa miezi saba. Chakula nilikiacha dirishani. Na chumba kile, kabla ya mwaka kwisha, kilikuwa kimejaa kuliko mwanzo, na safari hii bila mpangilio wowote, kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi kwa chochote kilicho karibu.

Tulidhani ni ukaidi. Baadaye nilisoma. Hali hii ya kurundika vitu na kushindwa kuviachilia ilitambuliwa kuwa tatizo linalojitegemea mwaka 2013, katika toleo la tano la mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Waliojifunza kuishughulikia wanasema jambo moja ambalo sisi tulilijua kwa kuumia: ukimwondolea mtu vitu kwa nguvu, nyumba hujaa tena na mtu hukuamini kidogo zaidi. Kinachosaidia ni kazi ya polepole, pamoja naye, mkono wake ukiwa juu ya kila kitu kinachotoka. Miezi, pengine miaka. Sijui kama katika bajeti zenu kuna mstari wa kazi ya namna hiyo. Mstari wa lori upo.

Na kuna Shakahola, msitu ule wa Kilifi ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka wakafa, ambayo ndiyo sababu ya pili ya kuandika, na pengine ilipaswa kuwa ya kwanza.

Aprili 2023 nilikuwa nimemletea unga. Alikuwa jikoni, redio ndogo sikioni. Mtangazaji alisema watoto walikatazwa shule na hospitali, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe wakamwone Yesu, na polisi wameanza kufukua msituni. Mama Mkubwa alizima redio akaniuliza swali moja: "Wameweka alama?" Siku ile sikumwelewa.

Kuanzia wiki hiyo aliziba madirisha ya mbele kwa magazeti. Zamani alikuwa akitoka usiku kwenda ufukweni kuokota, akaacha. Na akaanza turubai mpya, kubwa kuliko zote. Kila mtoto humkata katika kadi moja ya bamba: kichwa, mikono, gauni au kaptura. Mmoja humchukua siku tatu, nne, kwa sababu kila mmoja humpa uso wake. Februari 2024, mhubiri wao Paul Mackenzie na wenzake waliposhtakiwa mahakamani Malindi kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka waliyoyakana, yeye akapata hesabu aliyokuwa akiingoja. Anataka kufika 191. Juzi alikuwa na 163. Kadi zenyewe siku hizi ni adimu, watu wananunua salio kwa simu, na ndiyo maana lile rundo la maelfu linalowaudhi majirani yeye analihitaji lote. Huchagua humo rangi ya ngozi, rangi ya nguo, na kila kadi ina mkwaruzo wake ambao huutumia kama kovu au kama tabasamu.

Mnazijua takwimu kuliko mimi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika ardhi ile ya Chakama, ulimo msitu wa Shakahola. Ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, kwa sababu ya vipimo vya DNA. Agosti 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, huko huko Chakama. Tumehesabu waliokufa, na ni haki wahesabiwe. Lakini wako watoto waliotoka hai. Mtoto aliyetoka msituni akiwa na miaka sita mwaka 2023 atatimiza hamsini mwaka 2067. Nani atakuwa akimjulia hali mwaka huo? Jopokazi la rais kuhusu mashirika ya kidini, lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, lilikabidhi ripoti Julai 2024, na tangu hapo mjadala tunaousikia mwingi ni wa kusajili makanisa na kuwakagua wahubiri. Sipingi. Lakini usajili hauwezi kumrudishia mtu uwezo wa kujibu, bila kuogopa, akiulizwa leo umependa nini.

Nami nina hofu juu ya jinsi tunavyowatazama watu hawa. Juni 2023, watu 65 waliookolewa Shakahola, waliokuwa wamekataa kula, walifikishwa katika mahakama ya Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua. Najua waliofanya hivyo walikuwa wakihangaika wasife mikononi mwao. Hata hivyo, mtu aliyefundishwa miaka mingi kwamba serikali ni mnyama mwenye pembe, mkutano wake wa kwanza na serikali ukawa kizimbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha shtaka hilo, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba, na nilishukuru Mungu. Notisi ya mlangoni kwa Mama Mkubwa haifanani na shtaka, lakini kwake inasomeka kwa sauti ile ile: wenye mamlaka wamekuja kuchukua, na wewe ndiye mkosaji.

Mfano mmoja wa mbali, mniwie radhi, kisha nitasema ninachoomba.

Katika jiji la Chicago aliishi mtu aliyeitwa Henry Darger, aliyezaliwa 1892. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na utotoni alipelekwa katika taasisi ya watoto waliosemekana kuwa na akili pungufu, huko Lincoln, Illinois, akatoroka akiwa kijana. Hapakuwa na dhehebu katika habari yake, lakini palikuwa na watoto waliofungiwa na watu wazima wenye amri. Maisha yake yote alifanya kazi za usafi hospitalini. Alipanga chumba kimoja miaka arobaini hivi, akakijaza magazeti, miwani ya kuokota, madonge ya kamba. Majirani walimwona kama mzee wa mitaani tu. Alipozeeka na kupelekwa nyumba ya wazee, mwenye nyumba, Nathan Lerner, aliingia kukiondoa kile kilichomo. Bahati ya dunia, Lerner alikuwa mpiga picha na mbunifu. Macho yake yalijua kutazama. Chini ya marundo alikuta hadithi ya kurasa zaidi ya 15,000 iliyopigwa taipu, na mamia ya picha za rangi, nyingine pana kama ukuta, za watoto wanaopigana na watu wazima waliowatia utumwani. Darger alifariki Aprili 1973. Leo kazi zake zimo katika makumbusho ya sanaa New York, na Chicago walikijenga upya chumba chake, na vitu vyake, ili watu wakione.

Huwa namfikiria Lerner. Angekuwa mtu mwingine, mwenye haraka, na mkataba wa kuzoa taka, pasingebaki kitu, wala hakuna ambaye angejua kwamba kuna kilichopotea. Tofauti yetu na Chicago ni kwamba Mama Mkubwa yu hai. Ana miaka hamsini na sita. Tunaweza kumuuliza.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza kwamba kitu kilichookotwa kinaweza kuwa kazi ya mikono. Hapa hapa pwani, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi Lamu kwa plastiki iliyotupwa, wakalivika ndara zilizookotwa ufukweni, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Mama Mkubwa alilisikia redioni. Alifurahi kama mtu aliyesikia kwamba ana jamaa mahali fulani.

Ninachoomba ni hiki. Simamisheni ile notisi. Badala ya siku kumi na nne, tupeni mwaka, na badala ya vijana wanane siku moja, tupeni mtu mmoja kila wiki, yule yule, mwanamke ikiwezekana. Mtaa wetu una mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023; ana subira na anajua kubisha hodi. Mlipeni kwa saa hizo. Yeye na mimi tutaanza na yale yanayoweza kuua: waya wa umeme, njia ya kutokea, mikebe ya uani inayokusanya maji. Mikebe hiyo Mama Mkubwa amekubali itobolewe chini. Nilimuuliza jana, akafikiri, akasema, "Itobolewe, isiondoke." Kwa mbu inatosha. Panya tutawatafutia dawa isiyogusa karatasi. Magazeti amekubali kuyashusha kutoka kwenye waya mwenyewe, rundo moja kwa siku, mradi asiwepo mtu anayemhesabia.

Msaada wa pili ni wa mtu wa kumsikiliza. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inazipa kaunti wajibu katika huduma hizi, na mgonjwa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake. Nimezunguka kwa miaka miwili kutafuta mshauri nasaha anayejua hali ya watu waliolelewa ndani ya madhehebu kama yale. Katika kituo kimoja cha afya niliambiwa nimlete tuone kama anaweza kukaa kwenye foleni. Mtu ambaye hajatoka nyumbani tangu 2023! Kwingine mshauri alikuwa mhubiri, mtu mwema, lakini alipofungua Biblia dirishani Mama Mkubwa alifunga na hatukumwona siku nne. Kaunti iliyobeba Shakahola jirani yake inapaswa kuwa na watu watatu, wanne, waliofunzwa jambo hili hasa, na wanaokwenda majumbani. Wakimfaa Mama Mkubwa leo watawafaa wale watoto kesho, maana nao watakuwa na nyumba zao, na milango yao, na mikebe yao.

Na mnitafutie mtu wa makumbusho. Fort Jesus kuna wataalamu wa kuhifadhi vitu. Aje mmoja, na kamera, aandike turubai moja moja ilivyo, kabla ya panya na unyevu kuzimaliza. Asije na maneno ya maonyesho wala ya kuuza, hayo Mama Mkubwa hataki kuyasikia. Aje kuorodhesha tu, ili ikitokea moto au kifo pawe na mahali palipoandikwa kwamba vilikuwepo. Nilipomweleza wazo hili, aliuliza kama orodha itakuwa na jina la kila mtoto. Nikamwambia majina mengine hayajulikani. Akasema basi waandikwe kwa nguo: mwenye gauni la kijani, mwenye kaptura ya bluu.

Mkitaka kuja wenyewe kuona, na naomba mje, kuna machache ya kujua. Njooni asubuhi, kabla ya saa nne, watu wawili tu, kwa miguu. Msije na lori hata la kuegesha mbali, kwa kuwa mtaa mzima utatoka kutazama. Mlango wa mbele haufunguki. Zungukeni uani, mbishe mara tatu kwenye dirisha la jikoni, mseme mmetumwa na mtoto wa mdogo wake. Akiwauliza mnataka nini, jibuni mmekuja kuona, na mtakachoona msikiguse mpaka awape mkononi. Mkimkuta anakata kadi, subirini amalize huyo mmoja.

Wenu kwa heshima,

Mtoto wa mdogo wake